Jedwali la Joto na Mkondo wa Ladu

Ninyi mnaokaa sasa kwenye kiti nilichokiacha, ninyi mliokikuta kituo kikiwa na umeme wa jua na feni mbili, mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nimekubali. Namshukuru Mungu kwamba macho bado yanaona mistari ya daftari na mkono bado unashika kalamu. Lakini niseme mapema kwamba sina mengi ya kuwafurahisha. Nikiangalia nyuma naona kazi moja iliyokuwa na uzito kuliko zote, na niliifanya vibaya huku moyo ukiniambia kwamba naifanya vibaya.

Nilizaliwa Rejaf, kijiji kilicho jirani na Juba, kando ya mto, katika nyumba ya mvuvi aliyesali kabla ya kutupa wavu na baada ya kuutoa. Vita vilitupeleka Uganda. Huko nilisoma katika shule ya misheni, ambako katekista alitufundisha kusoma kwa Zaburi, na padri mmoja aliyependa kufungua redio kuliko kufungua barua akanifundisha kulehemu nyaya. Kiswahili nilikipata huko huko. Nilirudi Juba nikiwa mtu mzima mwenye vitu viwili mkononi: Biblia na chuma cha kulehemu. Chuma ndicho kilichonipa kazi.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha bati pale Lemon Gaba, pembeni mwa Juba, kwenye uwanja mtupu. Tulisikiliza boti za mizigo zinazotoka Juba kwenda kaskazini, na boti ikipata shida, tulitakiwa kusema iko wapi. Huko chini mto haukai mahali pamoja. Unagawanyika, mkondo mmoja unapita mashariki ya kisiwa na mwingine magharibi, katikati ni mafunjo marefu kuliko mtu, na aliye katika mkondo mmoja hawezi kumwona aliye katika mwingine. Nahodha angeweza kutuambia ameiacha Mongalla, bandari iliyo kaskazini yetu, tangu lini. Hilo lilitupa umbali. Ni mkondo upi, hilo mashine ndiyo ilipaswa kujibu.

Ilijibu hivi. Antena mbili zilisimama uwanjani. Sauti ya redio ya boti ilifika kwenye antena moja kabla kidogo ya nyingine, na kutokana na tofauti hiyo mashine ilipiga hesabu ya mwelekeo. Tofauti yenyewe ni ndogo mno: gawanya sekunde moja mara bilioni, kisha chukua vipande vichache. Kutoka kila antena ilikuja kebo nyeusi ya mviringo, ile mnayoijua: uzi wa shaba katikati, plastiki nyeupe ikiuzunguka, wavu wa shaba juu yake, kisha ganda. Vitabuni inaitwa koaksia. Kebo ya kushoto ilikuwa fupi na ilipita kwenye kivuli cha ukuta. Ya kulia ilikuwa ndefu na ililala juani siku nzima, kwa sababu aliyejenga kituo alitaka mlango uwe karibu na barabara.

Siku yangu ya kwanza alinipokea Mzee Drale, mtu wa Arua, Uganda, ambaye alikuwa fundi mkuu. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinishika mikono akaitazama.

"Wewe unatoa jasho," alisema. "Jasho ni chumvi. Chumvi inakula shaba. Kila mara unagusa kiungo, kwanza unapangusa."

Akanipa taulo. Nililitumia hadi lilipokuwa wavu. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga utepe wa mpira kuanzia chini kwenda juu, ili mvua iteleze badala ya kuingia. Kutokunja kebo kwa ukali kuliko mzingo wa sufuria ya familia. Kutoamini kiungo chochote ambacho sikukifunga mwenyewe. Alinilisha nyumbani kwake nilipougua malaria. Alisimama upande wangu nilipooa. Nataka mjue hayo kabla sijaendelea, kwa sababu sitamsema mtu mbaya.

Alikuwa mtu wa alfajiri. Alisali kabla ya jua, kisha akatembea moja kwa moja hadi kituoni, na tulipima mashine kukiwa bado na ubaridi. Kule Mongalla tulikuwa na redio ndogo juu ya nguzo kando ya mto, mahali tunapopajua hadi hatua. Mwangalizi wake aliiwasha mapambazuko, sisi tukaipima, na kama mashine ilionyesha pale ilipo, siku ilikuwa salama. Kisha mwangalizi aliizima akaenda shambani kwake. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Hakuna aliyewahi kupima mchana. Mchana wa Juba mnaujua. Bati la chumba kile lilikuwa linapasua kichwa, na kazi ya akili tuliimaliza mapema.

Waliotuambia kwamba kuna tatizo walikuwa manahodha, na wa kwanza alikuwa Ladu. Alikuwa mtu wa kabila la Bari, mkazi wa mtaa wa Malakia, mcheshi, aliyeendesha boti ya mbao yenye injini mbili na kuujua mto kama mtu anavyolijua jiko la mama yake. Nilikuwa msomaji wa lesoni, yale masomo ya Biblia, kanisani kwao, kwa hiyo aliniita Ustaz, yaani mwalimu.

"Ustaz," aliniambia siku moja kwa redio, "mashine yenu asubuhi ni Mkristo. Alasiri inakunywa."

"Inasema uongo?"

"Inaniweka juu ya kisiwa. Mimi niko majini na watu na magunia ya mtama. Labda inaniona nimekufa, niko mahali pa kuzikwa."

Tulicheka. Lakini nilianza kuandika pembeni ya daftari. Ilikuwa kweli: mchana mwelekeo ulihama kwa takriban digrii moja, ingawa sikujua kwa hakika ni upande upi, kwa kuwa kisiwa kina maji pande zote mbili. Digrii moja inaonekana ndogo kwenye karatasi. Baada ya kilomita arobaini ni mita mia saba, na mita mia saba kule ni mkondo mwingine au kisiwa.

Nilishuku joto kwenye kebo ndefu, nikaomba ruhusa ya kupima. Nilikata vipande viwili vya urefu sawa kutoka gurudumu moja la kebo. Kimoja nilikizamisha katika pipa la maji na barafu niliyoipata kwa wauza samaki wa Malakia. Kingine nilikitandaza juani juu ya bati. Nilituma pigo fupi la umeme katika vyote viwili kwa pamoja na kutazama kwenye kioo cha mashine ni lipi linafika kwanza. Ili nisichanganye ncha, kile cha juani nilikifunga uzi mwekundu.

Nilipima mara tatu. Mara zote tatu pigo la juani lilifika mapema.

Nilimwita Mzee Drale. Aliinama, akatazama, akacheka kwa upole.

"Kijana, umegeuza ncha."

"Nimefunga uzi, Mzee."

"Shaba ikipata moto inafanya nini?"

"Inarefuka."

"Njia ikirefuka, msafiri anafika mapema? Mimi niko na miaka mingi kwa hii kazi. Sijaona msafiri kama huyo." Akanigusa bega. "Umechoka. Hii jua inachanganya watu. Andika jedwali la masahihisho vizuri, tubandike."

Leo naweza kuwaeleza kilichotokea. Shaba hurefuka kweli, lakini kidogo sana. Plastiki ile nyeupe ndiyo inayobadilika zaidi: ikipata joto hulegea, humzuia mpita njia kidogo kuliko kabla, na mawimbi hupita kwa kasi zaidi. Wakati ule sikuyajua maelezo hayo. Nilijua tu nilichokiona. Mbele yangu alisimama mtu aliyenilisha nikiwa mgonjwa, naye alikuwa na sababu ya kueleweka. Mimi nilikuwa na uzi mwekundu. Kwetu mtu hambishii mzee wake mbele ya kazi yake, na nilikuwa nimefundishwa tangu Zaburi ya kwanza kwamba unyenyekevu ni mwanzo wa hekima. Nikaita woga wangu unyenyekevu. Barafu ilikuwa imeyeyuka. Sikupima mara ya nne.

Niliandika jedwali kama Mzee alivyotaka, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: joto upande mmoja, masahihisho upande wa pili. Kwa alfajiri ya baridi, sahihisho lilikuwa sifuri. Kadiri jua lilivyopanda, tuliongeza pale tulipopaswa kupunguza. Tulilibandika ukutani juu ya mashine. Na kwa kuwa tulipima mapambazuko tu, jedwali liliposema sifuri, kila asubuhi mashine ilisema kweli na sisi tulimshukuru Mungu.

Alasiri niliyotaka kuwaandikia ilikuwa ya kiangazi, upepo mkali, hakuna wingu. Saa tisa Ladu aliita. Injini zote mbili zilikuwa zimezimika na upepo ulikuwa unamsukuma ndani ya mafunjo. Boti ilikuwa inaingiza maji. Alikuwa na abiria.

"Uko mkondo gani?" nilimuuliza.

"Magharibi, Ustaz. Magharibi ya kisiwa."

Nilipima, nikasoma kipimajoto, nikaenda kwenye jedwali, nikaongeza. Mstari ulianguka katikati ya mkondo wa mashariki, safi, bila shaka yoyote. Nilipima tena. Mzee Drale alisimama nyuma yangu.

"Una hakika ni magharibi?" niliuliza.

"Nina hakika. Kisiwa kiko upande jua linapotoka."

Mzee Drale alitikisa kichwa. "Upepo umemzungusha," alisema. "Mtu mwenye hofu hajui mashariki. Mashine haina hofu."

Nikaiambia boti ya uokoaji iliyokuwa Mongalla iingie mkondo wa mashariki. Ladu alinisikia, kwa sababu masafa yalikuwa yale yale.

"Ustaz, wanakwenda wapi? Nimesema magharibi."

"Tulia, ndugu yangu. Wanakuja."

"Magharibi," alisema mara ya tatu. Baada ya hapo redio yake ilikaa kimya.

Boti ya uokoaji ilipanda na kushuka mkondo wa mashariki hadi giza likaizuia. Asubuhi wavuvi waliwakuta abiria wengi wakiwa wameshikilia mafunjo, hai, katika mkondo wa magharibi. Ladu na abiria wawili, mtu na mkewe, walipatikana siku iliyofuata, wamekufa.

Sasa mtauliza: si hapo mlipojua? Hapana, na hii ndiyo aibu yangu ya kwanza. Mkubwa wetu aliuliza, Mzee Drale akajibu kwamba boti lazima ilisukumwa kuzunguka ncha ya kisiwa jioni ile; kwamba Ladu alipoita alikuwa mashariki, akakosea, na kosa lake likachelewesha uokoaji. Ilisikika kama akili. Niliambiwa niandike. Niliandika kwenye daftari la kituo kwa mkono huu: *Nahodha alikosea mkondo.* Mkubwa aliyasoma maneno hayo msibani, mbele ya watu wote, kwa sauti ya huruma.

Mzee Drale alistaafu akarudi Arua. Nikawa fundi mkuu. Kiangazi cha pili baada ya hapo, mwangalizi wa Mongalla alisahau kuizima redio yake akaenda shambani. Saa tisa alasiri bado nilikuwa naisikia. Nilifurahi, nikasema hebu niipime. Kwa jedwali langu, redio iliyosimama juu ya nguzo yake miaka yote ilikuwa imehama digrii mbili kwenda mashariki. Nililiweka jedwali kando: digrii moja. Nikafanya hesabu kwa kugeuza, nikapunguza badala ya kuongeza. Mstari ukaangukia kwenye nguzo.

Nilikaa chini. Nilichukua ramani na daftari la ile alasiri ya Ladu, nikafanya hesabu upya. Mkondo wa magharibi. Kisha nikafanya hesabu bila sahihisho lolote, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Kama tusingekuwa na jedwali kabisa, mstari ungeanguka juu ya kisiwa. Boti haikai juu ya kisiwa. Tungelazimika kumwamini Ladu.

Siku hiyo hiyo niliandika jedwali jipya. Wenzangu waliniuliza kwa nini, nikasema lile la zamani lilikuwa limefifia. Lilikuwa limefifia kweli. Mtu akitaka kusema uongo huku akijihesabu mkweli, hakosi njia. Nilijiambia kwamba Mzee Drale yuko hai na haifai kumwaibisha uzeeni. Alipofariki nililia, kisha nikagundua kwamba sababu yangu imezikwa naye na mimi bado nimenyamaza. Niliungama kwa padri. Padri alinisamehe kwa jina la Mungu, akaniambia niende kwa mjane. Nilifanya sehemu ya kwanza tu. Nimesali juu ya jambo hili miaka mingi kuliko ile iliyonichukua kulijua, na ninawaambia kama mtu anayeamini: kuna sala ambayo ni njia ya kukwepa kutembea hatua mia tatu hadi nyumba ya mtu.

Mwaka niliostaafu nilikuja kituoni, mnakumbuka baadhi yenu, nikamwomba mkuu wenu mpya nisahihishe daftari la zamani. Alinitazama kwa adabu.

"Mzee, yale madaftari yaliliwa na mchwa tulipohamisha ghala."

"Yote?"

"Yote. Mchwa wamekwisha kukusahihishia." Akanipa soda.

Kwa hiyo maneno yangu hayapo tena popote, ila vichwani mwa watu. Na huko hayafi. Wani, mwana wa Ladu, ni kijana mkubwa sasa, anajua injini na anajua mto. Mara tatu ameomba kushika usukani wa boti. Mara tatu manahodha wamemwambia mbele ya watu, "Wewe ni mtoto wa yule asiyejua mashariki. Kaa kwenye injini, haina mikondo." Wanacheka. Niliyasikia mwenyewe bandarini, nikiwa nimesimama na fimbo yangu.

Basi nikaenda Malakia. Keji, mjane wa Ladu, anauza samaki wakavu. Alikuwa anawageuza juani.

"Baba Poni," alisema, kwa kuwa Poni ni binti yangu wa kwanza. "Leo si Jumapili. Umekuja kununua au kuhubiri?"

"Nimekuja kusema jambo la Ladu, Mama Wani."

Nilimweleza. Niliacha mambo ya nanosekunde, nikasema tu kwamba waya ukipata joto unadanganya, kwamba niliujua uongo wake nikauandika kinyume, na kwamba kwa sababu hiyo niliwatuma waokoaji mahali pasipo mtu. Hakuacha kugeuza samaki.

"Kwa hiyo alisema magharibi."

"Alisema mara tatu."

"Na alikuwa magharibi."

"Alikuwa magharibi."

"Wewe umejua lini?"

"Wani alikuwa ameanza shule."

Niliona midomo yake ikihesabu madarasa.

"Mama yake Ladu alikufa Wani akiwa darasa la sita," alisema. "Kila mwaka siku ile alikuwa anatukusanya nyumbani. Alikuwa anaomba Mungu amsamehe mwanawe kwa ajili ya wale wawili, yule mtu na mkewe. Alikuwa anapiga magoti, na magoti yake yalikuwa mabaya."

"Najua."

"Unajua, kwa sababu ulikuwa unakuja kutuongozea sala. Wewe unasema, sisi tunaitika." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ile sala ilikwenda wapi, Ustaz?"

Nimesoma lesoni tangu ujana. Nimesimama kwenye vitanda vya wagonjwa na kwenye makaburi, na sikuwahi kukosa neno. Nilimwambia sijui. Nilitoa karatasi niliyokuwa nimeiandika na kutia sahihi, nikamwambia ni yake na ya Wani. Hakuipokea.

"Mimi karatasi nitafanya nini nayo? Wanaomcheka mwanangu hawako hapa. Wako bandarini. Yalisemwa kwa sauti, yasemwe kwa sauti."

Kisha akaniuliza kama ninataka samaki, kwa sababu kulikuwa na mteja nyuma yangu. Nikaondoka.

Ndiyo maana nimewaandikia ninyi. Sauti yangu siku hizi haifiki hata mwisho wa meza, na manahodha hawasimami kumsikiliza mzee mwenye fimbo, lakini kila Jumatatu wanakuja kwenu kuchukua masafa ya wiki, wote, na Wani huja pamoja nao kubeba betri. Wasomeeni haya. Msiruke pale panaponitaja mimi, na msiongeze sifa za miaka yangu ya kazi. Someni kwamba kebo ikipata joto ishara hufika mapema, kwamba mimi niliona hivyo mara tatu nikaandika kinyume, na kwamba Ladu alisema magharibi naye alikuwa magharibi.

Siwaahidi kwamba wataacha kucheka. Mimi mwenyewe sitegemei amani kutokana na jambo hili; nashukuru kwa pumzi iliyonitosha kuliandika, basi. Mtakaposoma, Wani atasikia, na labda atakwenda nyumbani kumwambia mama yake kwamba limesemwa. Bibi yake, aliyepiga magoti mwaka hadi mwaka kuomba msamaha wa kosa langu, amelala Rejaf, na hakuna masafa yanayofika huko.